John Goodricke, Kijana Kiziwi Aliyepima Saa za Nyota

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya wasafiri waliovuka nchi kubwa, na ya wakuu wa vita. Habari hizo ni njema, lakini mara nyingi humwacha mwanafunzi akidhani kwamba jambo kubwa haliwezi kufanywa ila na mtu mzima mwenye watu wengi chini ya amri yake. Leo napenda kuwaletea maisha ya mtu ambaye hakuamuru mtu yeyote, ambaye hakufika umri wa miaka 22, na ambaye masikio yake yalikuwa yamezibika tangu utoto. Jina lake ni John Goodricke. Wataalamu wa elimu ya nyota duniani kote wanalijua jina hilo hata leo, ingawa yeye mwenyewe alikufa mwaka wa 1786.

Goodricke alizaliwa tarehe 17 Septemba 1764 katika mji wa Groningen, nchi ya Uholanzi. Baba yake, Henry Goodricke, alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya ubalozi huko, na mama yake, Levina Sessler, alikuwa mwenyeji wa bara la Ulaya. Ukoo wa Goodricke ulikuwa wa watu wenye cheo katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza; babu yake alikuwa na jumba kubwa huko liitwalo Ribston Hall. Basi mtoto huyu hakuzaliwa katika umaskini. Lakini alipokuwa bado mdogo sana alishikwa na ugonjwa mkali, na alipopona alikuwa kiziwi. Utajiri wa babu haukuweza kumrudishia masikio.

Yafaa tukumbuke hali ya viziwi katika siku zile. Watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba mtoto asiyesikia hafundishiki, kwa kuwa waliona elimu yote huingia kwa sikio. Watoto wengi wa namna hiyo waliachwa nyumbani bila kusoma wala kuandika. Goodricke alikuwa na bahati, maana huko Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, mwalimu mmoja aitwaye Thomas Braidwood alikuwa ameanzisha shule mwaka wa 1760 kwa ajili ya watoto viziwi. Ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kabisa za namna hiyo. Kijana wetu alipelekwa kwa Braidwood, akajifunza kusoma na kuandika, na jinsi ya kufahamiana na watu.

Mwaka wa 1778, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia katika chuo cha Warrington. Hapo pana jambo la kushangaza, kwa sababu chuo hicho hakikuwa cha viziwi. Kilikuwa cha wanafunzi wa kawaida waliosikia kila neno la mwalimu, naye aliketi kati yao. Hata hivyo alisonga mbele, na hasa katika hesabu alionekana kuwa hodari. Mwaka wa 1781 alimaliza masomo yake, akaenda kukaa na wazazi wake katika mji wa York. Walipanga sehemu ya nyumba kuukuu iitwayo Treasurer's House, iliyo karibu kabisa na kanisa kubwa la mji huo.

Huko York alipata rafiki, na bila rafiki huyo labda tusingalisikia habari zake. Alikuwa jamaa yao wa mbali, jina lake Edward Pigott, aliyezaliwa mwaka wa 1753, hivyo alimzidi Goodricke kwa miaka 11. Pigott na baba yake Nathaniel walikuwa wapenzi wakubwa wa elimu ya nyota, nao walikuwa na kituo chao wenyewe chenye darubini na saa nzuri. Pigott hakumdharau kijana huyu asiyesikia. Waliandikiana barua na vikaratasi, wakashirikiana kazi kama ndugu. Mwezi Novemba 1781 Goodricke alianza kuandika daftari la yale aliyoyaona mbinguni, na daftari hilo hakuliacha.

Pigott alikuwa na shauku juu ya nyota zinazobadilika mwanga. Siku zile zilijulikana chache sana. Watu wengi walifikiri kwamba nyota zote hung'aa vile vile siku zote, isipokuwa mawingu yakizifunika. Lakini mtaalamu mmoja Mwitalia, Geminiano Montanari, alikuwa ameandika katika karne ya 17 kwamba nyota moja katika kundi la Perseus huonekana mara nyingine hafifu kuliko kawaida. Nyota hiyo ni Algol. Jina lake latokana na Kiarabu, na maana yake ni kichwa cha zimwi. Montanari aliona kwamba inabadilika, lakini hakuna mtu aliyejua ni wakati gani, wala kwa nini.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1782 Goodricke aliitazama Algol, akastaajabu. Nyota aliyoizoea ilikuwa imepungua mwanga sana. Hakuamini macho yake mara moja. Alifikiri huenda ni kasoro ya macho au ya hewa. Basi akafanya lile linalomtenga mtaalamu na mtu wa porojo: alilitia jambo hilo katika daftari pamoja na saa yake, akaendelea kutazama kila usiku ambao mbingu zilikuwa wazi. Pigott naye alitazama kutoka kwake. Wiki zikapita, Algol ikang'aa kama kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata tarehe 28 Desemba ikafifia tena mbele ya macho yao.

Sasa twajua kwa nini walingoja muda mrefu hivyo. Katika siku hizo 46 nyota ilikuwa imemaliza mizunguko 16, lakini mara nyingi ilififia mchana, au wakati mawingu ya baridi ya Uingereza yalipofunika anga. Kazi ya Goodricke ilikuwa kama ya mtu anayetaka kujua kengele hulia kila baada ya muda gani, na huku yeye husikia mlio mmoja tu katika kumi. Alilinganisha Algol na nyota za jirani, zaidi kwa macho matupu, akapanga ipi inang'aa kuliko ipi, na kila badiliko akaliandikia saa yake. Kisha akazichukua tarehe zote na kuzifanyia hesabu. Katika masika ya mwaka wa 1783 alipata jawabu. Algol hufifia kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, kisha hurudia mwanga wake kwa muda kama huo. Na mambo hayo hurudi kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 45. Baadaye, kwa kutazama zaidi, alirekebisha hesabu yake ikawa siku 2, saa 20 na dakika 49. Wataalamu wa leo, wenye vyombo vya ajabu, hupata karibu dakika ile ile.

Lakini mwanafunzi mwema hatosheki na kujua lini. Hutaka kujua kwa nini. Goodricke alitoa maelezo mawili. La kwanza, huenda kuna kitu kikubwa kinachoizunguka Algol, nacho kila kinapopita kati yake na sisi huuzuia mwanga. La pili, huenda nyota yenyewe ina madoa upande mmoja, na inapojizungusha hutuonyesha upande huo. Wataalamu waliochungua maandishi ya marafiki hawa wawili wanaona kwamba wazo la kitu kinachozunguka lilitajwa kwanza na Pigott. Hata hivyo Pigott alimwachia rafiki yake mdogo heshima ya kutangaza. Jambo hilo si dogo. Wangapi kati yetu wangaliweza kunyamaza?

Habari hiyo ilisomwa tarehe 15 Mei 1783 mbele ya Royal Society, chama kikuu cha wataalamu huko London. Kijana aliyeiandika alikuwa na umri wa miaka 18. William Herschel mwenyewe, yule aliyegundua sayari ya Uranus mwaka wa 1781, aliigeuzia Algol darubini yake kubwa, lakini hakuona kitu chochote kando yake. Hata hivyo chama kilitambua thamani ya kazi ile, kikampa Goodricke nishani ya Copley ya mwaka wa 1783, pamoja na Thomas Hutchins aliyechunguza jinsi zebaki inavyoganda. Kabla yao nishani hiyo walikuwa wamepewa watu kama Benjamin Franklin mwaka wa 1753, nahodha James Cook mwaka wa 1776, na Herschel mwaka wa 1781. Sasa iliingia mkononi mwa kijana ambaye watu wengine wangalisema hafundishiki.

Wengi wakipata sifa hulala. Goodricke hakulala. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1784 Pigott aligundua kwamba nyota moja katika kundi la Tai hubadilika. Usiku ule ule Goodricke alitilia shaka nyota nyingine, Beta Lyrae, iliyo katika kundi la Kinubi karibu na nyota kubwa Vega. Hapo kwanza alidhani inarudia hali yake kila baada ya siku 6 na saa 9. Lakini alipoendelea kutazama aliona kwamba kufifia kwake hakulingani: mara moja hufifia sana, mara ya pili hufifia kidogo, kisha tena sana. Basi akasahihisha, akaandika siku 12 na saa 19. Mwezi Oktoba mwaka ule ule akagundua ya tatu, Delta Cephei, inayobadilika kila baada ya siku 5 na saa 8 na kitu. Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili tu kijana huyu alikuwa ameleta elimu mpya juu ya nyota tatu, na kila moja kati ya hizo ilikuja kuwa mlango wa elimu kubwa.

Mwezi Aprili 1786 Royal Society ilimchagua kuwa mwanachama wake. Lakini tarehe 20 ya mwezi huo huo Goodricke alikufa katika mji wa York, akiwa na umri wa miaka 21. Husemwa kwamba alipatwa na baridi ya usiku alipokuwa akiichungua Delta Cephei, ikamletea kichomi. Husemwa pia kwamba habari ya kuchaguliwa kwake haikuwahi kumfikia. Alizikwa Hunsingore, kijiji kilicho karibu na jumba la babu yake. Pigott alibaki peke yake, akaendelea na kazi hata uzeeni, naye alikufa mwaka wa 1825.

Je, ni kitu gani kilichoifunika Algol? Goodricke alikufa bila kujua kwa hakika; tena katika miaka yake ya mwisho yeye mwenyewe alianza kuelekea upande wa madoa. Mwaka wa 1803 Herschel alionyesha kwamba ziko nyota zinazokwenda mbili mbili, zikizungukana kama pacha walioshikana mikono. Mwisho, mwaka wa 1889, Mjerumani Hermann Carl Vogel, huko Potsdam, aliuchambua mwanga wa Algol kwa chombo chenye kuutawanya katika rangi zake, akaona kwamba nyota hiyo mara hutujia na mara hutukimbia, kwa saa zile zile za Goodricke. Basi kweli ilikuwa inazungukana na mwenzi wake. Wazo la vijana wale wawili wa York lilikuwa limengoja miaka 106.

Ili tufahamu vizuri, tuchukue mfano. Watu wawili wanazungukana uwanjani usiku, nawe umesimama mbali. Mmoja ameshika karabai, na mwingine, aliye mnene kuliko yeye, ameshika kibatari. Kwa mbali huwezi kuwatenga; waona mwanga mmoja tu. Lakini kila mnene anapopita mbele ya karabai, mwanga hupungua ghafula, na baada ya kitambo hurudi. Hivyo ndivyo ilivyo Algol. Nyota yenye mwanga mkali hufunikwa sehemu na nyota pana zaidi lakini hafifu, na mwanga unaotufikia hushuka hata karibu theluthi moja ya ule wa kawaida. Karabai inapopita mbele ya kibatari, upungufu ni mdogo mno, na macho yetu hayauoni.

Beta Lyrae nayo imeonekana kuwa ya ajabu zaidi. Hizo pia ni nyota pacha. Moja ni jitu lililovimba hata upana wake kufika mara 15 hivi ya upana wa jua letu, nalo limekaa karibu sana na mwenzake, hata haliwezi kuishika hewa yake lenyewe. Vitu vyake humwagika kama maji ya mtungi uliojaa mno, vikaenda kumzunguka mwenzake na kumwangukia. Jitu hilo hapo zamani lilikuwa zito kuliko mwenzake. Leo limebaki na uzito wa jua 3 hivi, na mwenzake amefika jua 13. Kwa sababu ya kunyang'anyana huko, mzunguko wao hurefuka kwa sekunde 19 hivi kila mwaka, na sasa umebakiza saa moja na nusu hivi kutimia siku 13. Na wataalamu wanapotaka kupima kurefuka huko tangu zamani, hurudi kwenye tarehe zilizoandikwa na kijana wa miaka 20 mwaka wa 1784. Mwaka wa 2008 zilitolewa picha zilizotenganisha nyota hizo mbili kwa mara ya kwanza, kwa msaada wa darubini zilizounganishwa juu ya mlima Wilson katika California, nchi ya Marekani.

Delta Cephei haina siri ya kufunikwa. Yenyewe huvimba na kunywea. Mwaka wa 1912 mwanamke Mmarekani, Henrietta Leavitt wa Harvard, alionyesha kwamba nyota za aina hiyo zenye mzunguko mrefu zina mwanga mwingi kweli kweli, na kwa hiyo zaweza kutumiwa kupima umbali. Kwa kipimo hicho Edwin Hubble aligundua, katika miaka ya 1923 na 1924, kwamba ziko jamii za nyota nje kabisa ya jamii yetu. Leavitt naye usikivu wake ulikuwa umepungua sana. Hivyo viziwi wawili, mmoja wa York na mmoja wa Harvard, ndio waliotutengenezea kamba ya kupimia mbingu.

Huko York, chuo kikuu kilikipa kimoja cha vyuo vyake vya ndani jina la Goodricke mwaka wa 1968. Lakini nadhani kumbukumbu yake iliyo bora ni zile nyota zenyewe, nazo hata sisi hapa karibu na mstari wa Ikweta twaweza kuziona. Mwanzoni mwa Septemba, baada ya saa mbili za usiku, tazama kaskazini. Nyota kubwa utakayoiona, si chini sana wala si juu kabisa, ni Vega. Juu yake kidogo pana nyota nne ndogo zilizopangwa kama pande nne za mkeka uliosukumwa ukapinda. Katika zile mbili zilizo mbali na Vega, ya kushoto, yaani upande wa magharibi, ni Beta Lyrae. Ilinganishe na jirani yake wa kulia. Siku nyingine zitakaribia kulingana. Siku nyingine ya kushoto itashindwa waziwazi. Na mwezi Januari, saa kama hizo, tafuta Kilimia, kisha nyosha mkono wako ushuke shubiri moja kuelekea kaskazini, kushoto kidogo. Hapo ndipo ilipo Algol.

Wenzangu, hatuhitaji darubini kwa kazi hiyo. Goodricke aliifanya kwa macho, kwa saa, kwa daftari na kwa rafiki mwaminifu. Kila mmoja wetu anaweza kupata vitu hivyo vinne, ingawa cha mwisho ni adimu kidogo. Na kama darasani mwetu yuko mwenzetu asiyesikia vema, au mwenye upungufu mwingine wowote, tusimpime kwa kile alichonyimwa. Tumpe nafasi kwenye benchi, tumwandikie lile ambalo hakulisikia, kama Pigott alivyofanya. Huenda anaona jambo ambalo sisi wenye masikio bado hatujaliona.